Joseph Dutton: Daktari aliyeuawa na homa ya papasi aliyokuwa akiichunguza mashariki mwa Kongo

Tarehe 27 Februari 1905, katika mji wa Kasongo ulioko magharibi mwa Ziwa Tanganyika, daktari Mwingereza mwenye umri wa miaka 30 alifariki dunia baada ya kuandamwa na homa. Ugonjwa uliomuua haukuwa mgeni kwake. Kwa miezi kadhaa alikuwa ameutafuta katika damu za wagonjwa, ndani ya kupe waliookotwa kwenye sakafu za vibanda, na katika miili ya watu waliokufa kwa ugonjwa huohuo.

Jina lake lilikuwa Joseph Everett Dutton. Leo anakumbukwa kwa mambo mawili. La kwanza ni kutambua kimelea cha malale katika damu ya binadamu. La pili ni kuonyesha, akiwa na mwenzake John Lancelot Todd, jinsi homa ya papasi inavyopita kutoka kwa kupe kwenda kwa binadamu. Bakteria wa homa hiyo wanaitwa Borrelia duttonii, kwa heshima ya mtu waliyemuua.

Zaidi ya miaka 120 imepita. Hata hivyo, swali lililoachwa na kifo chake bado linawahusu watu wa mwambao wa kaskazini wa ziwa, kuanzia Uvira na uwanda wa Rusizi hadi Baraka na Fizi: ni nani anayemlinda mtu ambaye kazi yake ni kushika ugonjwa kwa mikono yake?

Kutoka Cheshire hadi Liverpool

Dutton alizaliwa tarehe 9 Septemba 1874 huko Higher Bebington, katika jimbo la Cheshire, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Ng'ambo ya mto kutoka kwao ulikuwapo mji wa bandari wa Liverpool, na huko ndiko alikosomea udaktari na kuhitimu mwaka 1897.

Alihitimu wakati mwafaka. Meli za Liverpool zilikuwa zikienda na kurudi Afrika Magharibi na Kongo zikibeba mafuta ya mawese, pembe za ndovu na mpira. Pamoja na mizigo hiyo walirudi mabaharia na wafanyabiashara wenye homa ambazo madaktari wa Ulaya hawakuzijua. Mwaka 1898 tajiri wa meli Alfred Jones alitoa fedha za kuanzisha Shule ya Tiba ya Magonjwa ya Kitropiki ya Liverpool. Mmoja wa walimu wake wa mwanzo alikuwa Ronald Ross, aliyekuwa amegundua nafasi ya mbu katika malaria na ambaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1902.

Shule hiyo haikuridhika na kusubiri wagonjwa waletwe na meli. Ilituma vijana wake Afrika na Amerika Kusini, wakiwa na hadubini, vioo vya damu na chupa za dawa. Dutton alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1900 alikwenda Nigeria ya Kusini kuchunguza malaria pamoja na wenzake wawili.

Nafasi iliyobeba jina la marehemu

Mwanzoni mwa mwaka 1901, shule hiyo ilipata msiba. Daktari kijana Walter Myers, aliyetumwa Brazili kuchunguza homa ya manjano, aliambukizwa ugonjwa huo na kufa huko mwezi Januari. Mwenzake Herbert Durham aliugua pia, lakini akapona.

Liverpool ilianzisha nafasi ya utafiti kwa jina la Myers, na mtu aliyepewa nafasi hiyo mwaka huohuo alikuwa Dutton. Kwa maneno mengine, kijana huyu alianza kulipwa mshahara chini ya jina la mtafiti aliyeuawa na ugonjwa aliokuwa akiuchunguza. Hakuwa na haja ya kuambiwa kwamba kazi yake ina hatari.

Hali hiyo ilikuwa ya kawaida katika fani yao. Mjerumani Otto Obermeier, aliyekuwa wa kwanza kuona bakteria wa homa ya kurudi katika damu ya wagonjwa wa Berlin, alikufa kwa kipindupindu mwaka 1873 akiwa anakichunguza. Mmarekani Jesse Lazear alikufa Cuba mwaka 1900 kwa homa ya manjano. Glovu hazikuwa sehemu ya vifaa vya kila siku vya mtafiti wa wakati huo. Damu ilishikwa kwa vidole vitupu, na mtu akijikata, aliosha kidonda na kuendelea na kazi.

Kimelea katika damu ya nahodha

Mwaka 1901 Dutton alitumwa Gambia peke yake. Huko alikutana na daktari wa hospitali ya Bathurst, mji ambao sasa unaitwa Banjul, aliyeitwa Robert Forde. Daktari huyo alikuwa na mgonjwa aliyemsumbua akili. Alikuwa Mzungu mwenye umri wa miaka 42, nahodha wa meli ya serikali katika Mto Gambia. Alikuwa na homa isiyosikia kwinini. Forde alikuwa ameona katika damu yake vijidudu vinavyojinyonganyonga, lakini hakujua ni nini.

Mwezi Desemba Dutton aliitazama damu hiyo na kutambua kwamba vijidudu vile ni tripanosoma, jamaa wa vimelea vilivyokwisha kujulikana katika ng'ombe na farasi. Mwaka 1902 alikipa kimelea hicho jina la Trypanosoma gambiense.

Wakati huo hakuna aliyekihusisha na malale, ugonjwa uliokuwa ukiua maelfu ya watu pembezoni mwa Ziwa Victoria. Kiungo hicho kilipatikana Entebbe, Uganda, mwaka 1903, baada ya Aldo Castellani kukiona kimelea hicho katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa wa malale, na David Bruce kuonyesha kwamba mbung'o ndiye anayekisambaza. Kuanzia hapo, jina la Dutton likajulikana katika kila maabara iliyoshughulika na magonjwa ya Afrika.

Nahodha aliyetoa damu ile hakupona. Alikufa Uingereza mwaka 1903.

Safari ya Kongo

Mwezi Septemba 1903, Dutton, Todd na daktari mwingine aitwaye Cuthbert Christy walielekea katika Dola Huru ya Kongo, nchi iliyokuwa mali binafsi ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Todd alikuwa Mkanada, mdogo kwa Dutton kwa miaka miwili. Wawili hao walikuwa wamekwisha kufanya kazi pamoja Gambia na Senegal. Kazi waliyopewa Kongo ilikuwa kuchunguza jinsi malale yalivyoenea.

Mwaka huohuo balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, alikuwa akizunguka Kongo akikusanya ushahidi wa watu kulazimishwa kuleta mpira, kupigwa na kukatwa mikono. Ripoti yake ilitangazwa mwaka 1904. Alfred Jones, mfadhili wa shule iliyomtuma Dutton, alikuwa pia mwakilishi wa dola ya Leopold mjini Liverpool, na kampuni yake ya meli ndiyo iliyohudumia njia ya Kongo. Kwa hiyo madaktari hawa walipita katika nchi ambayo malale yalikuwa yakiwamaliza watu waliokwisha kuchoshwa na njaa, kukimbia vijiji na kazi za kulazimishwa.

Walikaa miezi kadhaa Leopoldville, Kinshasa ya leo, wakipima wagonjwa na kufungua maiti. Christy alirudi kwao mapema. Katikati ya mwaka 1904 Dutton na Todd walianza kupanda Mto Kongo, kituo baada ya kituo, hadi Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani. Walipokuwa huko, ugonjwa mwingine uliwavuta.

Papasi wa njia za misafara

Wenyeji wa mashariki mwa Kongo walijua jambo ambalo madaktari wa Ulaya walikuwa wakilibishia: kwamba kuna kupe wa nyumbani anayeuma usiku na kuleta homa. Kwa Kiswahili anaitwa papasi. Sehemu nyingi za Kongo humwita kimputu. David Livingstone alikuwa ameandika habari za ugonjwa unaofuata kuumwa na kupe huyo tangu mwaka 1857, lakini hakuna aliyekuwa amethibitisha sababu yake.

Papasi si kama kupe wa ng'ombe anayeng'ang'ania ngozi kwa siku nyingi. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu ya udongo na kuta za nyumba. Usiku hutoka, humuuma aliyelala chini, hunyonya damu kwa muda wa nusu saa hivi, kisha hurudi mafichoni. Mara nyingi mtu huamka asubuhi asijue kilichompata. Papasi anaweza kukaa miaka bila kula, akisubiri mgeni afike.

Ndiyo maana ugonjwa huu ulifuata njia za misafara. Barabara kuu ya biashara ilitoka pwani ya Afrika Mashariki hadi Ujiji, ikavuka ziwa hadi Mtowa, ikapita Kabambare na kufika Kasongo na Nyangwe. Tawi jingine lilipanda ziwa kwa mitumbwi hadi Uvira, ambako wafanyabiashara wa Ujiji walifuata pembe za ndovu. Wazungu Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa njia hiyo mwaka 1858, wakipigiwa kasia na watu wa Ujiji. Livingstone na Henry Stanley walifika kwenye mdomo wa Mto Rusizi mwaka 1871.

Katika kila kituo cha njia hizo kulikuwa na vibanda vya kulala wasafiri. Wapagazi walijitupa juu ya mikeka baada ya kutembea siku nzima na mizigo mabegani. Papasi waliwauma humo, na wengine walijificha katika mikeka na mizigo yao wakasafirishwa hadi kituo kilichofuata. Aliyelala nyumbani kwake aliweza kuugua akiwa mtoto na kuzoea. Aliyekuja kutoka mbali kufanya kazi ya kubeba, kulinda au kupiga kasia alikutana na ugonjwa kwa mara ya kwanza akiwa safarini, mbali na ndugu wa kumuuguza.

Homa yenyewe huanza ghafla, kwa baridi kali, kichwa kuuma, maumivu ya viungo na kutapika. Baada ya siku chache huondoka. Mgonjwa hudhani amepona. Baada ya wiki moja hivi homa hurudi, na inaweza kurudi mara nyingi. Kwa wajawazito na watoto wachanga hatari yake ni kubwa zaidi. Kwa kuwa dalili zake hufanana na za malaria, wengi walipewa kwinini, ambayo haikuwasaidia.

Jaribio la nyani na kisu cha kupasulia maiti

Dutton na Todd waliamua kumaliza ubishi. Walikusanya papasi kutoka katika vibanda, wakawaachia wawaume nyani. Nyani wakaugua, na katika damu yao wakaonekana bakteria wembamba waliojisokota kama waya, sawa na wale wa wagonjwa wa kibinadamu.

Kisha wakagundua jambo la kushangaza zaidi. Papasi wadogo waliotoka katika mayai ya papasi mwenye ugonjwa nao waliweza kuambukiza, ingawa hawakuwa wamewahi kumuuma mgonjwa. Maana yake ilikuwa kwamba ugonjwa unarithiwa kutoka kwa mama kwenda kwa kizazi chake. Nyumba yenye papasi inaweza kubaki na hatari kwa miaka, hata kama wagonjwa wote wameondoka.

Wakati huohuo watu wengine walikuwa wakiifuata njia hiyo. Uganda, mwaka 1904, Philip Ross na Arthur Milne walitangaza kuwaona bakteria hao katika damu ya wagonjwa wa homa ya papasi. Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, Robert Koch alichunguza papasi wa vituo vya misafara na kuwaona bakteria katika mayai yao. Dutton na Todd, wakiwa katikati ya bara na barua zikichukua miezi, walifikia jibu kwa njia yao wenyewe.

Bei ya jibu hilo ilikuwa miili yao. Ili kuelewa ugonjwa unafanya nini ndani ya mtu, walilazimika kufungua maiti za waliokufa kwa homa hiyo. Bakteria wa homa ya papasi hujaa katika damu wakati wa homa, na damu hiyo ikigusa mchubuko au jeraha, inaweza kuingiza ugonjwa bila papasi kuhusika. Katika kazi hiyo ya kupasua maiti, Dutton na Todd waliambukizwa wote wawili.

Kifo Kasongo

Hawakugeuka. Waliendelea kuupanda Mto Lualaba kuelekea kusini, wakakaribia Kasongo. Mji huo ulikuwa umejengwa na kupata nguvu zama za Tippu Tip, ukatekwa na majeshi ya Leopold mwaka 1893. Watu wake wengi walizungumza Kiswahili, walilima mpunga, na walijua habari za Ujiji na Zanzibar.

Kasongo ndipo safari ya Dutton ilipokatikia. Hakukuwa na dawa ya kumtibu. Dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi ya jamii hiyo ya bakteria, Salvarsan, ilitoka mwaka 1910. Viuavijasumu ambavyo leo vinatibu homa ya papasi kwa siku chache vilikuja miongo mingi baadaye. Todd, ambaye naye alikuwa amepitia homa hiyohiyo, alimpoteza rafiki na mwenzake wa kazi, akabaki na madaftari, vioo vya damu na kazi ambayo haijakamilika.

Aliikamilisha. Ripoti ya homa ya papasi ilichapishwa Liverpool baadaye mwaka huohuo wa 1905, ikiwa na majina ya wote wawili, la Dutton likitangulia. Mwaka 1906 watafiti wa Marekani Novy na Knapp waliwapa bakteria wa homa hiyo jina la marehemu. Todd alikwenda kufundisha elimu ya vimelea katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, na aliishi hadi mwaka 1949.

Wale ambao hawakuandikwa

Historia imelihifadhi jina la Dutton. Haikuyahifadhi majina ya watu waliokuwa naye. Hakuna bakteria aliyeitwa kwa jina la mpagazi aliyebeba masanduku ya hadubini, mpiga kasia wa Lualaba, mtu aliyeingia vibandani kumwokotea daktari papasi, au aliyeosha meza baada ya maiti kupasuliwa. Wote hao walikuwa karibu na damu na kupe kama yeye, na wengi wao walilala palepale papasi walipoishi.

Wagonjwa nao hawakuulizwa mengi. Maiti zilifunguliwa katika nchi ambayo mtu aliye hai hakuwa na uwezo wa kukataa amri ya ofisa, seuze jamaa wa mtu aliyekufa. Njia ya kupapasa tezi za shingo ili kumgundua mgonjwa wa malale, ambayo Dutton na Todd waliipigia debe, iliokoa muda wa madaktari. Lakini serikali za kikoloni ziliitumia pia kuwazuia watu barabarani na kuwapeleka katika kambi za wagonjwa, ambako wengi hawakurudi. Malale yalifika pande zote mbili za kaskazini mwa Ziwa Tanganyika miaka hiyo, na hofu ya daktari ikaingia vijijini pamoja nayo.

Mambo haya hayafuti kazi ya Dutton, lakini habari zake hazikamiliki bila kuyataja.

Hatari inayozaliwa na kazi

Mwaka mmoja baada ya kifo cha Kasongo, luteni kijana wa jeshi la Uingereza, Forbes Tulloch, aliyekuwa akichunguza malale Entebbe, aliambukizwa kazini na kufa. Miaka ilipita, glovu zikaja, sindano za kutumia mara moja zikaja, lakini orodha haikufungwa.

Kaskazini mwa Uganda, katika Hospitali ya Lacor mjini Gulu, daktari wa upasuaji kutoka Kanada, Lucille Teasdale, aliambukizwa virusi vya Ukimwi akiwafanyia upasuaji majeruhi wa vita. Alifariki mwaka 1996. Katika hospitali hiyohiyo, daktari Matthew Lukwiya, aliyekuwa wa kwanza kushuku kwamba ugonjwa uliokuwa ukiwaua wauguzi wake ni Ebola, aliugua na kufa tarehe 5 Desemba 2000. Mlipuko huo uliua watu 224 kati ya 425 walioambukizwa, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwao.

Hatari hiyo ipo hata katika maabara za nchi tajiri. Mwaka 2010 mfanyakazi kijana wa maabara moja nchini Ufaransa alijichoma kidole gumba kwa kifaa alichokuwa akitumia kushika tishu za panya zenye prioni. Prioni si virusi wala bakteria. Ni protini ya mwili iliyokunjwa vibaya, ambayo ikiingia huzigeuza protini nyingine zifanane nayo na kuharibu ubongo polepole. Joto la kawaida la kuchemshia vifaa haliiui, kwa hiyo vifaa vilivyogusa ubongo wa mgonjwa huhitaji joto la juu zaidi na kemikali kali, au huteketezwa. Mfanyakazi huyo alianza kuonyesha dalili miaka saba hivi baadaye na kufariki mwaka 2019. Mwaka 2021, baada ya mtu mwingine kushukiwa kuambukizwa, taasisi za umma za utafiti nchini Ufaransa zilisimamisha kazi zote za prioni kwa muda.

Kumlisha, kumwogesha au kumshika mkono mgonjwa wa prioni hakuambukizi. Hatari iko pale ilipokuwa mwaka 1905: kwa anayepasua, anayechoma sindano, anayeosha vifaa na anayefungua maiti. Tofauti ni kwamba homa iliyomuua Dutton sasa ina dawa, lakini ugonjwa wa prioni hauna.

Uvira ya leo

Mji wa Uvira umekuwa ukipambana na kipindupindu kwa miongo mingi. Mwaka 2019 Ebola iliingia Kivu Kusini kupitia Mwenga. Mwaka 2023 aina mpya ya mpox ilianzia Kamituga, na mwaka uliofuata wodi za Uvira zilikuwa zikipokea wagonjwa wake. Kila mara, watu wa kwanza kumgusa mgonjwa walikuwa wauguzi, wasafishaji, madereva wa gari la wagonjwa na mafundi wa maabara, wengi wao wakiwa na mshahara mdogo au wakiusubiri kwa miezi.

Homa ya papasi imepungua mahali ambapo nyumba za udongo zimepisha saruji na watu wanalala vitandani. Lakini bado ipo katika maeneo ya Afrika Mashariki na Kati, na bado hudhaniwa kuwa malaria. Mtu ambaye homa yake inaondoka na kurudi, na kipimo cha malaria kinaonyesha hana, anapaswa kupimwa damu kwa hadubini wakati homa imepanda, kwa sababu bakteria huonekana kwa urahisi zaidi saa hizo. Aliyelala kwenye sakafu ya udongo, awe msafiri, mvuvi wa dagaa aliyepumzika kambini au mkimbizi wa vita, amwambie mhudumu wa afya.

Kwa fundi wa maabara anayechukua tone hilo la damu, kinga ni vitu vinavyojulikana: glovu zima, sindano isiyofunikwa tena baada ya kutumika, kisanduku kigumu cha kutupia vyenye ncha, kidonda kilichofunikwa kabla ya kuanza kazi, na kutoa taarifa mara moja anapojichoma badala ya kunyamaza kwa kuogopa kulaumiwa. Dutton na Todd walifanya kazi yao bila kinga hizo. Katika vituo vingi vya afya vya mwambao wa ziwa, glovu zinapokwisha dukani, wahudumu wa leo nao hurudi katika hali ileile ya Kasongo ya mwaka 1905, mgonjwa akiwa mbele yao na mikono yao ikiwa mitupu.